Kibebeo cha Mhudumu Mpya

6 Februari

Mdogo wangu Mbishi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai umeamka mzima, wewe na wifi na binti yenu, na kwamba mpaka unafungua bahasha hii hujagombana na mtu. Sisi huku hatujambo. Paa la stoo limezibwa, halivuji tena. Jirani mwenye cherehani amepata mjukuu, anamtembeza mtaa mzima kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Kaka Mkubwa naye alipita wiki iliyopita. Hakuingia. Alisimama mlangoni, akatazama kuta, kisha dari, kama anayetazama ng'ombe wa kununua. Akaniuliza, "Kazi inakwendaje?" Nikamwambia inakwenda. Akasema, "Ukichoka sema." Unajua anachosubiri. Tulivyokubaliana kwenye kikao cha urithi ndivyo ilivyo mpaka leo: baa ni yangu madhali naiendesha mwenyewe, na siku nikishindwa, nyumba ya baba inakuwa stoo yake ya saruji.

Lakini sikuandika kwa ajili ya saruji. Nataka kutengeneza kibebeo cha mbao cha chupa sita za bia. Ulishawahi kuviona: kijisanduku kisicho na kifuniko, chenye vyumba sita ndani na mpini unaopita juu katikati, mtu anakibeba kama ndoo. Nimeajiri mhudumu mpya na sinia linamshinda. Si mtoto, ni mwanamke mzima, na kazi anaijua kuliko wengi niliowahi kuwa nao. Ila sinia limekataa.

Wewe ndiye uliyekuwa ukishinda karakanani na baba. Tulipogawana vitu vyake wewe ulichukua ujuzi, mimi nikabaki na msumeno. Basi niandikie hatua kwa hatua, kama unamwandikia mtu asiyejua kitu. Usiniambie niite fundi. Fundi wa mtaa huu ni rafiki wa Kaka Mkubwa, na mdomo wake hauna komeo. Wala usipige simu. Simu ya baa ikilia, kaunta nzima inanyamaza isikilize.

Dada yako


19 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika ikiwa imekunjwa mara nyingi mno, kama vile uliibadilisha bahasha ukiwa njiani kwenda posta. Sisi tu wazima. Wifi yako amehamishiwa shule ya mbali zaidi, anaondoka jua halijatoka na kurudi limeshazama, na bado ana nguvu za kunikosoa. Binti yetu ameanza kubishana na walimu. Mama yake anasema nimemwambukiza. Mimi nasema mtoto asiyebisha ni redio. Kwenye kiwanda cha uchapaji bado nasahihisha vitabu vya watu wasiojua wanachotaka kusema, na meneja amenionya kwamba kazi yangu ni kusahihisha herufi, si hoja. Nimemjibu kwa maandishi. Kurasa nne.

Sasa nianze na mhudumu wako. Mfukuze. Mhudumu anayeshindwa na sinia ni dereva anayeshindwa na usukani. Tumekuwa watu wa ajabu siku hizi: mtu akishindwa na kazi, tunaibadilisha kazi. Kiti kikimuumiza mvivu tunachonga kiti kingine, na mvivu anabaki vilevile, amekaa raha zaidi. Wewe ulianza na sinia ukiwa msichana, umebeba mpaka chupa kumi na mbili huku unatukana walevi kwa jina mmoja mmoja. Nani alikuchongea kitu?

Hilo nimelisema, limeisha. Kibebeo chenyewe nakiunga mkono, kwa sababu kinatukomboa na yale makreti ya plastiki yanayoletwa na kiwanda cha bia. Mtu mwenye msumeno na ubao kuomba plastiki ni aibu ambayo sijui ilituingiaje.

Tafuta ubao mlaini, mkavu, wa unene wa kidole gumba. Kata vipande viwili vinavyolingana, virefu kupita chupa kwa kiganja kimoja. Hivyo ndivyo vichwa vya kibebeo, vya kusimama huku na huku. Juu ya kila kimoja toboa tundu la kupitisha mpini. Mpini wa ufagio unatosha, tena umeshalainishwa na mikono ya watu. Tepu ya kupimia usitumie. Panga chupa zenyewe juu ya ubao, tatu kwa mbili, acha nafasi ya kidole kati ya chupa na chupa, chora kuzizunguka. Hicho ni kitako. Kigongomelee kwenye vichwa kwa kutokea chini. Ubavuni piga fito mbili kila upande ili chupa zisichungulie nje zikaanguka. Ndani weka vipande vyembamba vya kugawa vyumba: kimoja cha urefu, viwili vya upana, vikate nusu kwa nusu vishikane. Msumeno uwe mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukandamize ubao, goti lisaidie. Mtoto anaweza.

Nina swali moja. Sinia limemkatalia vipi? Anatetemeka? Ni mfupi? Ana haya mbele za wanaume? Mtu hashindwi na sinia hivi hivi.

Mdogo wako


11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Tumefurahi kusikia wifi ana nguvu bado. Mwambie ndoa yake ni kazi ya pili isiyo na mshahara. Huku mvua zimeanza. Wateja wanakaa sana kwa kuogopa kulowana, na anayeogopa kulowana hunywa taratibu, kwa hiyo mvua hainifaidishi. Fundi viatu ndiye anayekaa kuliko wote. Anasema nyumbani kwake kuna maji, hapa kuna bia, na kati ya vimiminika hivyo viwili ameshachagua.

Barua yako nilimsomea mhudumu, yote, pamoja na sehemu ya mvivu na kiti. Akasema, "Mdogo wako anaandika vizuri." Ndiye anayetengeneza kibebeo, siku za Jumatatu tukifunga, kule stoo. Mimi namwelekeza.

Vichwa tumekata. Vimepinda kidogo lakini vinasimama. Sasa jibu haya bila hotuba.

La kwanza, ubao unashikwaje usiteleze kama hakuna mtu wa kuukandamiza? Goti peke yake halitoshi, ubao unazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala.

La pili, kuna njia ya kusimamisha msumari bila kuushika?

La tatu, mpini wa ufagio ni mwembamba. Ukibeba chupa sita unakata vidole. Naufanyaje unenepe?

Kuhusu sinia, umeuliza mambo matatu na yote si yenyewe. Ni mrefu, hatetemeki, na haya hana kabisa.

Dada yako


28 Machi

Dada,

Shikamoo. Hatujambo. Binti yetu amepewa adhabu ya kufagia uwanja kwa kumwambia mwalimu kwamba "kwa sababu nimesema" si sababu. Nimekwenda shuleni kumtetea. Sasa mwalimu mkuu ananisalimia kwa mbali.

Majibu. Ubao: pigilia misumari miwili kwenye meza ya kazi, ubao uegemee hapo, kwa mbele haukimbii. Au ubane kwenye mlango mzito na ukalie kigoda dhidi ya mlango. Baba alikuwa na jiriwa, ile ya kukaza kwa kuzungusha, lakini iliondoka na Kaka Mkubwa pamoja na kila kitu kilichokuwa kizito. Msumari: toboa kwanza tundu dogo, jembamba kuliko msumari wenyewe. Uchomeke, utasimama peke yake kama askari wa gwaride, halafu gonga. Ni ufundi mzuri zaidi hata hivyo, ubao haupasuki. Mpini: uzungushie mpira wa ndani wa baiskeli, uliokatwa kama utepe, uvute sana unapozungusha, mwisho ubane kwa msumari mdogo.

Sasa ruhusu nibishe. Nimefanya kazi ya kusoma maneno ya watu kwa miaka mingi, na nimejifunza kwamba kosa haliko kwenye neno lililoandikwa vibaya. Hilo linajionesha lenyewe. Kosa liko pale mstari uliporukwa. Umeuliza ubao ushikwe na nani, msumari ushikwe na nani. Mpo wawili kule stoo, wewe na yeye. Mmoja ashike, mmoja agonge. Huyo mhudumu ana mikono mingapi? Na wewe ukiwa unamwelekeza, yako iko wapi?

Jambo jingine. Kaka Mkubwa ameniandikia. Anasema amesikia kwamba huonekani tena ukizunguka na sinia, unakaa nyuma ya kaunta, na watu wanajichukulia chupa wenyewe. Ameniuliza kama bado nashikilia niliyoyasema kwenye kikao. Unakumbuka: nilisema baa si mahali pa mwanamke wa umri wako kuzeekea, na kwamba nyumba ile ingefaa zaidi kwa biashara isiyochelewa kulala. Hoja zangu bado naziona nzuri. Sijamjibu.

Mdogo wako


2 Mei

Mbishi,

Usishangae kuchelewa, nilikuwa nimekasirika.

Wote wazima. Mjukuu wa jirani ameota jino. Hiyo ndiyo salamu.

Kibebeo kilikamilika. Kilipendeza mpaka nikakiweka juu ya kaunta watu wakione. Misumari ilisimama kama ulivyosema, mpira wa baiskeli ulikaa. Ijumaa, watu wamejaa, mhudumu akakijaza chupa sita, akakinyanyua, akatembea nacho kuelekea meza ya dirishani. Hatua chache tu. Kitako kikabaki hewani kidogo, kama kinafikiri, kisha kikaenda chini na chupa zote. Mkononi ukabaki mpini na fremu. Fundi viatu alikuwa anakaribia kupokea yake. Aliangalia suruali yake, akaangalia sakafu, akasema, "Mama, sisi bia tumezoea kuinywa kwa mdomo. Kwa miguu ndiyo mara ya kwanza." Baa nzima ikacheka. Dereva wa greda akasema hiyo ni bia ya kuogea, isihesabiwe.

Mhudumu naye alicheka. Alicheka vizuri, akaokota vigae vya chupa, akaenda stoo, akafunga mlango.

Nimekaa na hicho kitako siku nyingi nikikigeuza. Misumari haijapinda wala kuvunjika. Imechomoka tu, imenyooka. Wewe na ujuzi wako wa karakana, niambie ujuzi ulikwenda wapi. Kesho yake fundi wa mtaani alikuwa ameshasikia, maana yake Kaka Mkubwa ameshasikia.

Na kama bado unapenda kufundisha, nataka pia opena ikazwe ubavuni mwa kibebeo. Mhudumu achomoe chupa, aipachike kwenye opena, aikandamize, ifunguke. Asihitaji kushika opena kwa mkono mwingine.

Lile swali lako la mikono sikulisoma vizuri. Wino ulikuwa umefifia.

Dada yako


20 Mei

Dada yangu,

Shikamoo, na pole. Pole kwa chupa, pole kwa sakafu, pole kwa suruali ya fundi viatu ambayo kwa jinsi ninavyomkumbuka ilihitaji kuoshwa.

Sisi wazima. Wifi yako anasema nikuandikie kwa upole. Nitajitahidi, lakini wino wangu haujazoea.

Kitako. Nilitaka sana kukwambia kwamba mmegonga vibaya. Nilikuwa na sentensi nzuri tayari. Kisha nikachora kibebeo kile kwenye karatasi, nikachora na mishale ya uzito, na nikaona tulichofanya. Tumetengeneza dirisha. Baba alikuwa fundi madirisha, Dada. Maisha yake yote alijua kufanya kitu kisimame wima na kisipinde, na dirisha halibebi mzigo ila upepo. Nimekufundisha fremu ya dirisha, nikaipigilia ubao kwa chini, nikaiita kibebeo. Chupa zikakaa juu ya ubao, ubao ukaning'inia kwenye misumari, na msumari uliopigwa kutokea chini unavutwa kule kule ulikoingilia. Ungewaandikia hata watu elfu, mtoto yeyote wa fundi sanduku angekwambia ukweli siku ya kwanza. Sisi tu ndio tungekosea hivi, na tungekosea kwa ustadi.

Basi: kitako kikae ndani, katikati ya vichwa viwili, na misumari ipigwe kutokea ubavuni, kupitia vichwa, iingie kwenye ncha za kitako. Uzito sasa hauvuti msumari utoke. Unataka kuukata, na msumari haukatiki kwa bia sita. Chini ya kitako, kwa ndani ya kila kichwa, weka kijiti cha kukiegemeza. Paka gundi ya mbao kila panapokutana. Acha ikauke mpaka ukigusa isikujibu.

Sasa opena. Hapa nilikasirika. Nilisema huu ni upuuzi, mtu ana mikono miwili: mmoja unashika chupa, mwingine unashika opena, nchi nzima inafungua hivyo. Nikatengeneza kibebeo changu mezani kwetu, wifi yako akilalamika vumbi la mbao limeingia kwenye madaftari anayosahihisha, nia yangu nikuandikie barua ya kukumaliza kabisa. Lakini ubishi una adabu yake. Kabla hujampiga mtu kwa hoja unakaa kwanza kwenye kiti chake uone anachokiona. Nikatia mkono wangu wa kushoto mfukoni, nikaanza kuhudumia meza tupu.

Sinia halibebeki. Ukilibeba, hakuna mkono wa kushusha chupa. Ubao hauna wa kuukandamiza. Msumari hauna wa kuusimamisha. Opena haina wa kuishika. Kila kitu ulichoniuliza tangu Februari kilikuwa na maana, kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio safi ambao mimi mwenyewe sijawahi kuufikia kwenye hoja zangu.

Wifi yako alikuwa mlangoni ananitazama. Akasema, "Mbona umekaa?" Nikamwambia nimechoka.

Sikuulizi kitu, Dada. Naendelea na mbao.

Opena ikaze kwenye kichwa cha kulia, kwa skrubu mbili, si misumari. Ukiwa na chupa zote ndani inafungua vizuri. Tatizo ni chupa ya mwisho: kibebeo kimekuwa chepesi, ukikandamiza chupa kinainuka upande wa pili na kukufuata. Nilijaribu kukishika kwa tumbo, wifi yako akacheka. Dawa yake ni hii. Kibebeo kisiishie kwenye kichwa cha kushoto. Chini ya kijiti cha kuegemeza, kazia kwa skrubu ubao mwingine utokeze nje upande huo, mrefu wa kiganja na zaidi, kama mkia. Upigwe msasa vizuri uwe laini. Mhudumu akishaweka kibebeo mezani, auchukue mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, aulaze juu ya huo mkia. Hauhitaji kushika. Hauhitaji kukaza. Ulale tu kama ulivyolala. Uzito wake unatosha, nimepima kwa wangu nikiwa nimeulegeza kabisa, na kibebeo hakikuinuka hata kidogo.

Yale niliyoandika kuhusu mvivu na kiti, mwambie yalikuwa maandishi mazuri na hayamhusu.

Kaka Mkubwa nimemjibu. Nimemwambia sina habari zozote za baa isipokuwa kwamba Dada ananisumbua kwa barua kuhusu mbao, na kwamba mtu anayeshindwa na kazi haandiki barua kuhusu mbao. Zile hoja zangu za kwenye kikao, atakayezitumia asinitaje.

Mdogo wako


9 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu kwa wote.

Mkia umekaa. Mhudumu amefanya zoezi Jumatatu nzima kwa chupa za maji. Hakuna kilichoinuka.

Anauliza, wewe ulimwambia wifi nini hasa? Na Kaka Mkubwa, hakuna zaidi ya hayo?

Dada yako


21 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Wifi yako sikumwambia kitu, lakini yeye ni mwalimu, na mwalimu huona mtoto aliyeficha kitu mfukoni hata kabla hajaingia darasani. Analia kidogo jikoni na kusema ni vitunguu. Hatukupika vitunguu.

Kaka Mkubwa hakuridhika na jibu langu. Ameniandikia kwamba mimi napenda maneno, yeye anapenda vipimo. Anakuja kwako mwenyewe na tepu, apime sakafu ajue mifuko mingapi ya saruji itaingia. Hakusema siku. Ukimwona anasogeza meza, ujue ndiyo hiyo.

Ningekuja, lakini nikija atajua kwamba kuna sababu ya kuja. Kwa hiyo nakaa hapa nikisahihisha kitabu cha ufugaji wa nyuki, na mara ya kwanza katika maisha yangu sijui niseme nini. Mwambie mhudumu kwamba kibebeo kikijaa kibebwe karibu na mwili, si mbali. Hilo nalijua.

Mdogo wako


8 Julai

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba, na salamu kwa wifi; mwambie vitunguu vya huku pia vinaliza. Mjukuu wa jirani sasa ana meno mawili na ameanza kuyatumia kwa mama yake. Mvua zimekwisha. Fundi viatu hana tena kisingizio cha kukaa, ila anakaa.

Kaka Mkubwa alikuja Alhamisi, jioni, watu wakiwa wameshaingia. Nadhani alichagua saa hiyo makusudi. Hakusogeza meza. Alikaa ile ya dirishani, akatoa tepu mfukoni akaiweka mbele yake kama mtu anayeweka bunduki, akaagiza bia. Si kawaida yake. Anakunywa harusini tu, tena kwa kulazimishwa.

Wateja waliona. Unawajua, walizima mazungumzo wote kama redio iliyoishiwa betri. Nilikuwa kaunta. Nilikijaza kibebeo chupa sita, maana meza ya jirani yake nayo ilikuwa na kiu, na kwenda na moja tu ingekuwa kama naogopa. Nikakibeba karibu na mwili. Ni kizito, mdogo wangu, hukuniambia ni kizito hivyo, na mguu wa kushoto nao una uvivu wake ambao sikukuandikia. Ila nilifika. Nikakiweka mezani kwa Kaka. Nikauchukua mkono wangu, nikaulaza kwenye mkia. Nikapachika chupa yake, nikaikandamiza, ikafunguka. Sikumwaga tone.

Aliutazama mkono. Nao ulikuwa umelala pale, kiganja juu, kama wa mtu mwingine aliyesinzia mezani kwetu.

"Mkono umefanya nini?"

"Umelala."

"Tangu lini?"

"Tangu Desemba. Asubuhi, nikifungua mlango wa mbele. Ufunguo ulianguka, nikadhani umeniponyoka."

"Daktari?"

"Nimekwenda. Anasema huenda ukaamka, huenda usiamke. Nimeupa mkono muda wake, mimi nina kazi."

Akanywa kidogo. Akaikunja sura, bia haijui. Akasema, "Na Mbishi anajua." Hakuuliza, alisema tu.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Nikaitazama tepu. Na yeye akaitazama. Dereva wa greda akakohoa. Ndipo fundi viatu, ambaye hajawahi kukaa kimya wakati unaofaa, akasema kutoka kule, "Bwana Mkubwa, kama unapima, mimi nataka kujua kiti changu kitakuwa mfuko wa ngapi wa saruji." Kuna waliocheka. Kaka hakucheka, lakini nilimwona anajizuia.

Nikamwambia, "Mlisema niiendeshe mwenyewe. Naiendesha. Nikichoka nitasema nimechoka, na hutahitaji tepu kujua."

Alikaa mpaka akamaliza chupa, na hilo lilichukua muda, maana anakunywa kama anayemeza dawa. Alipoinuka akaichukua chupa tupu airudishe kaunta. Nikamwambia, "Iache, hiyo ni kazi yangu." Akaiacha. Mlangoni akageuka, akasema jambo hili haliwezi kuamuliwa kwa bia moja, lazima kikao kikae upya. Nikamwambia kikao kikae, lakini safari hii kikae hapa. Akafikiri, akakubali.

Kwa hiyo ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, mchana. Sijui ataamua nini, na wewe usiniambie unajua. Ila nataka uje, na uje na ubishi wako wote, usiache hata kidogo nyumbani. Mtakaa wawili kwenye meza ya dirishani, nami nitawaletea vinywaji. Yule mhudumu nimemfukuza.

Dada yako